Kwanza Viatu

Katika televisheni yetu kuna ajenti wa siri ambaye kazi yake ni kukaa. Walimtuma katika sehemu ya kwanza kabisa ya mchezo, aende mtaani, ajifanye fundi viatu, amngoje mtu atakayemletea neno la siri. Mtu huyo hajafika mpaka leo. Mkubwa wake alimsahau, ofisi ikahama, naye akabaki palepale kwenye kigoda. Kwa kuwa watu walikuwa wanamletea viatu kweli, akajifunza kuvishona. Mtaa mzima unajua kuwa ni ajenti, hata polisi wanamsalimia kwa cheo. Kila sehemu ya mchezo, shujaa mwenye suti anamfikia akihema, nyuma yake watu wenye bastola, anainama kumnong'oneza, na ajenti wetu anaangalia chini, anaona soli imefunguka, anasema: "Kwanza viatu."

Kwa Kifaransa anasema maneno marefu zaidi. Hayo mawili ni ya kwangu. Mchezo wenyewe tunao kwenye flashi, na majirani wanaokuja kuutazama hapa kwetu Kasongo wengi hawajui Kifaransa, kwa hiyo mimi, niliyemaliza sekondari, ndiye mtafsiri. Dada yangu mdogo husema nimempa yule ajenti maneno mazuri kuliko waliomlipa.

Nampenda kwa sababu zinazoeleweka. Mimi pia kazi yangu ni kukaa. Nina pano ya jua juu ya bati, betri mbili chini ya meza, na watu wananiletea simu nizichaji. Nina kiti cha plastiki, cha buluu, ambacho kimekwisha kuchukua umbo langu. Kutoka hapo naona televisheni, naona simu za watu, naona barza ambako dada yangu anashona nguo kwa cherehani. Sokoni ananiendea mama. Msikitini nakwenda, ni karibu.

Uwezo wangu wa kupeleleza ni huu: kijana mmoja alianza kuleta simu yake kuchaji. Alikuwa mtu wa Kabambare, kutoka kijiji kimoja kwenye njia ya Salamabila, anawauzia wachimbaji wa zahabu pampu na mipira ya maji. Kila akipita Kasongo analeta simu, na kila nikiichomeka naona imejaa. Nilimhurumia. Nilidhani betri yake ni mbovu, inadanganya. Nilimshauri anunue nyingine. Yeye ananishukuru, anaenda kukaa barzani karibu na cherehani, kungoja. Mtaa wote walijua kabla yangu, na mama aliponieleza, alinieleza polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa.

Sasa kwetu, kabla familia haijapokea zawadi ya kubisha hodi, ile inayofungua posa, inatuma jicho. Jicho ni mtu. Anakwenda kwa akina kijana bila kusema anatafuta nini, anaangalia nyumba, anaangalia watu wanavyoongea, anarudi kusema. Sharti lake ni moja: jicho halili. Ukila chakula cha moto wao kabla hodi haijapokelewa, umeitika kwa niaba ya familia yote, na hakuna mkubwa anayeweza kulirudisha jibu hilo. Kazi hii miaka yote aliifanya shangazi, mwanamke anayeweza kushinda na njaa huku akisifia harufu ya chungu. Lakini magoti ya shangazi yamekataa pikipiki.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba alipofariki, alinichagua mimi. Hoja zake alizitoa mbele ya watu, bila ubaya. Alisema mtu anayejulikana hawezi kuwa jicho. Anahitajika mtu ambaye nje ya lupango, ua wa nyumba yetu, hakuna aliyewahi kumwona. Alisema kuna majirani wanaosahau kama niko. Alisema pia nimesoma, na kwamba nimeangalia mambo ya upelelezi zaidi ya mtu yeyote Maniema. Dada yangu alicheka hadi uzi ukakatika.

Baadaye alikuja kusimama mbele ya televisheni, akanizibia.

"Yaya, uniambie kitu kimoja tu," alisema, kwani kaka mkubwa kwetu huitwa yaya. "Kama kule iko mwanamuke mwengine."

Kulikuwa na maneno. Wanawake waliotoka Salamabila na bidhaa walikuwa wamesema sokoni kwamba nyumbani kwa kijana yule kuna mwanamke mwenye mtoto, anafua mashati ya mwanamume na kuyaanika. Dada alisema kama ni kweli, zawadi ya hodi isipokelewe hata kidogo. Kama si kweli, tusimcheleweshe. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ila kwa siku zile nilimwona mara kadhaa anakanyaga cherehani ambayo haina kitambaa.

Nilijifanya fundi viatu. Nyinyi mngejifanya nini? Ile ndiyo kazi pekee ya kijasusi ninayoijua. Niliazima sindano ndefu, uzi na nta kwa mzee mmoja wa jirani, nikavitia kwenye mfuko. Mama alinifungia ndizi na karanga za kutosha kwenda na kurudi, kwa sababu jicho halili. Nilizimaliza kabla ya daraja la kwanza.

Aliyenibeba kwa pikipiki alikuwa motari wa mtaani kwetu, kijana mcheshi kupita kiasi. Njia ilikuwa matope, na kila tukikwama aliniomba nishuke, kisha anaangalia miguu yangu.

"Fundi," alisema, "kiatu yako mbona imefungwa na waya?"

Ajenti hajibu.

Kijijini nilitandika mfuko wangu chini ya ukuta wa duka lililofungwa, nikakaa. Hapo ndipo nilipogundua kosa la kwanza. Katika televisheni watu wanavaa viatu vya ngozi. Njia ya Salamabila watu wanavaa buti za mpira na sandali za plastiki, na plastiki haishonwi. Inaunganishwa kwa kisu kilichopashwa moto. Kisu sikuwa nacho, na moto sikuwa nao. Nilikaa na sindano yangu. Watoto waliotoka shule walipita, wakaniangalia, wakaambiana kitu kwa Kibangubangu, wakacheka. Nyuma ya nyumba fulani nilisikia jogoo akifukuzwa, kisha akinyamaza. Mambo hayo mawili sikuyaunganisha.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene, mpole, ameshika sandali iliyokatika ukanda mkononi mmoja na kisu chekundu cha moto katika mkono mwingine. Alivileta vyote pamoja, kama mtu aliyejua nitakachokosa. Alinisalimu vizuri, akauliza nimetoka wapi. Nilisema Nyangwe. Akauliza habari za Nyangwe: mto umejaa? Samaki wanapatikana? Nilimjibu yote kwa kirefu, na hapo hata mto wenyewe sijauona tangu nikiwa mwanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kubadilisha uso:

"Na ile kiti ya buluu, uliiacha na nani?"

Lazima nieleze. Dada yangu hupiga picha kwa simu kila akimaliza nguo: gauni la huyu, kitenge cha yule, yeye mwenyewe siku ya Idi. Hupigia mlangoni, kwenye mwanga. Na nyuma, ndani, katika kila picha, niko mimi kwenye kiti, uso kwa televisheni. Picha hizo alikuwa akimtumia kijana. Kijana alizionyesha kwa mama yake, ndiye huyu mwenye sandali, ili amwone binti, na mama akauliza huyu mwanamume nyuma ni nani, mbona hatoki. Akaambiwa ni kaka mkubwa, ndivyo alivyo. Baadaye zikaonwa na shangazi yake, na majirani, na wale watoto wa shule. Baba mdogo alikuwa ametafuta mtu ambaye hakuna amjuaye, akamtuma mtu pekee wa Kasongo ambaye kijiji kizima kilikuwa kimemwangalia kwa mwaka mzima.

Nilipaswa kusema kitu. Niliangalia chini, nikaona sandali.

"Mama," nilisema, "kwanza viatu."

Nilipashapasha, nikabandika. Ukanda niliushikiza na soli kwa namna ambayo mguu haukuweza tena kuingia. Mama aliipokea, akaigeuza, akasema ahsante, akaibeba mkononi. Kisha akaniambia jua ni kali, tuende nyumbani.

Nyumbani walikuwa wamepika. Sahani ilifika ikiwa na wali na kuku, na juu kabisa, peke yake, firigisi, ile nyama ngumu ya tumboni mwa kuku. Firigisi hapewi fundi viatu. Kwao na kwetu anapewa mwanamume wa upande wa ukweni, na wanawake hawaigusi. Motari, ambaye alikuwa amekwisha kunawa, aliiangalia, akaniangalia, akaanza kukohoa.

Nilikuwa nimekwama vizuri. Nikikataa, nimekiri kwamba mimi ni jicho, na nimewatukana kwa kuwadanganya habari za samaki. Nikila, nimemwoza dada yangu. Na njaa nilikuwa nayo, isifichwe.

Aliyeleta maji ya kunawa alikuwa mwanamke kijana, mtoto mgongoni, amevaa shati la kiume lililokunjwa mikono. Uani kulikuwa na kamba, na kwenye kamba mashati mengine. Hayo niliyaona mwenyewe bila kusaidiwa. Ajenti wa televisheni asingeuliza, angengoja miaka. Mimi nilikumbuka cherehani inayokanyagwa bila kitambaa, nikauliza. Nilisema: mama, nimetumwa kuangalia, na kitu nilichotumwa kuangalia kimesimama hapa na maji.

Mama hakukasirika. Nadhani alikuwa anangoja tu nimalize mchezo wangu. Alieleza kwamba yule ni mke wa mwanawe mkubwa, ambaye shimo lilimwangukia kwenye machimbo. Mashati ni ya marehemu. Mkewe anayavaa shambani, kwa kuwa ni mazima bado. Wazee wa ukoo walitaka mdogo wake, kijana mwenye simu, amrithi mjane, kama ilivyo desturi. Yeye hakutaka, ila hakusema kitu mpaka alipomwuliza mjane kwanza.

Mjane alikuwa bado ameshika birika. Alisema yeye mwenyewe, mbele ya mama mkwe:

"Mimi siko jembe ya kurithi. Niko na shamba yangu ya karanga. Lakini hapa ni kwangu, na mutoto ni wa hapa. Dada yako akikuja, atanikuta."

Basi hilo ndilo lilikuwa jibu, na halikuwa ndiyo wala hapana. Mwanamke mwingine hayupo, na yupo, na hataondoka.

Mama alivuta sahani yangu. Alisema anajua jicho halili, hata yeye aliwahi kutazamwa hivyo. Aliitoa firigisi, akaikausha kidogo juu ya makaa, akaifunga katika jani la mgomba, akanipa mkononi. Alisema niipeleke, atakayeona inafaa ale. Kuku aliyebaki alimsogezea motari, ambaye hana ukoo wowote katika habari hii, naye alimmaliza mbele yangu, taratibu, akinisifia chumvi.

Kesho yake tulipofika, baba mdogo alikuwa amekwisha kukaa barzani na kofia yake nzuri. Mama alikuwapo, shangazi aliletwa. Cherehani ilinyamaza. Nilieleza yote kama yalivyo, kiti na vyote, na nilipofika kwenye kiti ilibidi nisimame kidogo, wamalize kucheka. Kisha nikaeleza habari ya mjane, na maneno yake, kama alivyoyasema. Hapo hakuna aliyecheka.

Baba mdogo alisema jambo hili ni zito, linahitaji kupimwa. Kuolewa na mwenye nyumba huku mjane yumo ndani ni kujitafutia wivu wa kila asubuhi. Alisema litumwe jicho lingine, na safari hii liwe jicho kweli. Shangazi aligusa magoti yake, akasema labda mvua zikipungua.

Dada yangu aliniuliza niko na nini mkononi. Nilifungua jani.

"Ile maneno ya jembe," alisema, "alisema yeye mwenyewe? Mama mukwe iko pale?"

Nilisema ndiyo, birika mkononi.

Alifikiri. Mimi nilikuwa naangalia firigisi, kwa kuwa bado sijala. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua, akaitia mdomoni. Baba mdogo alisema mwanamke hali firigisi, lakini alikuwa anamwambia mtu ambaye tayari anatafuna. Tulikaa tukamngoja. Firigisi iliyokaushwa si kitu cha kuharakisha.

"Iko ngumu," alisema mwishowe, akameza. "Huyo mwanamuke nitaweza kuishi naye."

Baba mdogo alivua kofia, akaivaa tena. Jibu lilikuwa limekwisha kuliwa, na desturi haisemi popote kwamba lazima liliwe na mwanamume, wala na mwenye njaa kuliko wengine. Baada ya kitambo aliuliza, kwa sauti ya chini, kuku mwenyewe yuko wapi. Nilimwonyesha motari, aliyekuwa anasafisha pikipiki yake huku akiimba.

Mimi nilirudi kwenye kiti. Dada alichukua simu, akasimama mlangoni, kwenye mwanga, akaniomba nitoke nyuma maana hii ni picha ya maana. Nilitoka. Alipiga, akaiangalia, akaiangalia tena.

"Rudi ukae," alisema. "Bila wewe, mama mukwe hatajua kama ni kwetu."