Bata wa Watu Wenye Leseni

Mihogo yangu ilioza shambani mwaka ule, ndiyo maana nilikubali kazi ya kunyonyoa bata. Mwenye nyumba ya wageni karibu na Kashikishi, kando ya ziwa, alikuwa amepata wawindaji watatu, kila mmoja na leseni yake ya kuwinda ndege. Akaniita kutoka kambini, tunakokaa sisi tuliotoka Kongo, akasema nije na kisu.

Wageni walirudi na boti kabla ya saa sita. Bata walikuwa wamerundikwa chini ya mbao za kukalia, wengine vichwa vimezama kwenye maji ya damu. Mmoja alikuwa bado anapiga miguu. Mgeni aliyekaa naye alikunywa bia yake bila kutazama. Nikamvunja shingo mimi.

"Toa kifua tu, mama," mwenye nyumba aliniambia. "Ingine bageni habakule."

Alasiri mabaki yalikuwa meusi kwa nzi. Niliomba miguu na mabawa niwapelekee majirani. Akakataa, akasema askari wa wanyamapori wakinikuta na nyama ile watanikamata, kwa sababu sina karatasi ya leseni. Basi nikachimba shimo nyuma ya choo, nikazika chakula cha nyumba kumi. Harufu ilikaa kwenye kucha zangu siku nyingi. Nilikula ugali kwa kijiko.

Baada ya miezi kadhaa, askari mmoja wa wanyamapori alikuja kanisani kwetu na picha za ndege. Alisema Kibemba, lugha ya huku, mimi nikatafsiri kwa Kiswahili. Ada za leseni, alisema, ndizo zilizonunua boti ya doria. Mitego ya ndege imeondolewa kwenye matete, na ndege wanazaa tena. Hakudanganya. Nilikuwa nimewaona upande wa Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, wengi kuliko mwaka niliofika.

Mama mmoja, ambaye mume wake alinyang'anywa mitego, aliuliza: "Njo kusema mwenye makuta anaweza kuua na kutupa, lakini shiye benye njala, hapana?"

Nikatafsiri: mwenye pesa anaruhusiwa kuua na kutupa, lakini sisi wenye njala haturuhusiwi? Askari akajibu kwamba kutupa nyama pia ni kosa. Kwa Kibemba nikamweleza habari za shimo la kule nyumba ya wageni, na kwamba aliyelichimba ni mimi. Akaandika kwenye daftari, polepole, bila kuniangalia.

Msimu uliofuata mwenye nyumba aliniita tena. Nilikwenda kumwambia atafute mwingine. Akauliza nani alipeleka maneno ya lile shimo kwa askari.

"Ni miye," nikamwambia, nikatoka.