Vinyanya Nilivyong'oa Kathonzweni

Siku yangu ya kwanza kazini kama mshauri wa wakulima, pale Kasikeu, Afisa wa Kilimo wa Tarafa alinikabidhi pikipiki, buti za mpira na amri moja. "Hizi nyanya ndogo ni magugu. Ukizipata kwa mkulima, ng'oa. Tunataka zile kubwa za soko." Nikaitikia ndiyo, bwana.

Basi nikang'oa. Akina mama walikuwa wakiotesha vinyanya vitamu, saizi ya gololi, pale wanapomwaga maji ya kuoshea vyombo, mahali pasipokauka hata kiangazi. Mimi nikawafundisha kupogoa, yaani kukata machipukizi ya kwapani mwa matawi, na hilo liliwafaa. Lakini nyanya zetu kubwa zilitaka maji ndoo kwa ndoo, na kwetu maji hubebwa mgongoni. Upumbavu gani huo!

Nilipohamishiwa Kathonzweni nilimkuta Mama Mwende, mjane, na mnyanya wake umetambaa juu ya ua. Nikaushika.

"Wacha hiyo, mwalimu," akasema. "Mvua ikikosa, watoto hawana mboga ingine."

Niliung'oa watoto wakinitazama. Nikikumbuka, naona aibu mpaka leo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kijiji cha Tulia, na hapo nikastaafu. Juzi mtaalamu mmoja kijana alikuja kufundisha kikundi chetu cha wakulima. Akainua kinyanya juu: "Wazee, hii ni crop mpya, inaitwa cheri."

Mpya! Nilisimama nikafoka hadi mwenyekiti akanivuta shati. Tuliwang'olea watu mbegu yao, na sasa tunawaletea ya pakiti, ambayo ukiipanda mara ya pili haizai vilevile!

Wiki hiyohiyo nikarudi Kathonzweni kwa Mama Mwende. Sasa anatembea kwa mkongojo. Nikamwomba msamaha, kisha, bila haya, nikamwomba mbegu. Akaniingiza jikoni. Ukutani, juu ya meko, alikuwa amepaka mbegu zilizochanganywa na majivu, jinsi mama yake alivyozihifadhi.

"Ulipoenda siku ile," akasema, "niliokota zile zilikuwa zimeiva. Tangu hapo napanda kila mwaka, naweka mbegu tena."

Akabandua kipande kwa kisu, akakifunga kwenye karatasi, akanitilia mkononi.

"Panda hapo kwa maji ya vyombo, mwalimu. Na afisa akikuja kung'oa, mfukuze. Mimi wewe nilikuogopa."