Mrututu Kwenye Bega la Mwanangu

Habari za kifo chake zilinikuta kichanjani, nikigeuza kahawa. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mabondeni tangu alfajiri na kufunika vilima vyote, hata kijana wa bodaboda aliyezileta nilimsikia kwanza, nikamwona baadaye, kama mtu anayetoka ndani ya pamba. "Shikamoo mzee. Yule nesi wetu wa zamani, Mnyasa, amefariki jana. Anazikwa kesho, kwao ziwani. Ukitaka nitakupeleka." Nikaitikia marahaba, nikamwambia aje asubuhi, nikarudi kwenye kahawa yangu. Mikono iliendelea kugeuza, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaondoka pale. Nyuma yangu, mlangoni, binti yangu alikuwa amekaa na mtoto wake wa wiki sita. Ni mzaliwa wake wa kwanza, na amekuja kujifungulia kwetu kama desturi inavyotaka. Kwa siku mbili alikuwa akiniuliza swali moja, na siku hiyo akaliuliza tena.

"Baba, bega la mtoto limeanza kutoa usaha pale alipochanjwa. Mimi mlinipaka nini?" Alipandisha mkono wa blauzi, akanionyesha kovu lake kana kwamba silijui. Wadogo zake wana alama ndogo begani, unaweza kuifunika kwa punje ya hindi. Lake ni pana kama kidole gumba, limekunjamana, linang'aa. Nikamjibu kama nilivyomjibu maisha yake yote: "Hatukukupaka kitu, mwanangu. Ni ngozi yako tu." Ninyi mnaonisoma hapa mmenizoea nikiandika juu ya mvua, shule na bei ya mbolea, na mara nyingine mmeniambia kwamba nasema kweli. Basi jueni kuwa jibu lile lilikuwa uongo, na marehemu alikuwa mtu pekee, mbali na mke wangu, aliyelijua hilo.

Alikuja milimani kwetu akiwa bado msichana, akalalamikia baridi mwaka mzima, kisha akabaki mpaka anastaafu. Kazi yake ilikuwa watoto wachanga. Chanjo ya kifua kikuu huja katika chupa moja ya watoto wengi, na ikishafunguliwa haingoji kesho. Kinachobaki jioni kinamwagwa. Kwa hiyo alipita kwenye vijia siku moja kabla, nyumba kwa nyumba, akiwakusanya kina mama waje pamoja. "Mama, kesho usiniangushe. Ukikosa wewe, namwaga dawa kama maji ya kunawia." Kisha angewakalisha kwenye benchi na kuwaeleza yatakayofuata: kwamba baada ya wiki chache patatokea kipele, kitapasuka, kitatoa usaha kidogo, kitapona chenyewe na kuacha kishimo. Wengine hawapati hata kishimo, nao wasihangaike. Aliwaambia kwamba haizuii kila kikohozi, ila inamkinga mtoto mdogo na kifua kikuu kile kikali, kinachoweza kumpanda hadi kichwani. Nasi tunaolima mashimo ya ngoro mteremkoni alitupa mfano wetu wenyewe. "Ngoro inashika maji ili mahindi yasife. Na hiki kishimo watu wa hospitali wamekichimba kishike kinga. Ninyi Wamatengo mnajua sana kuchimba. Safari hii jifunzeni kuacha." Kina mama walicheka. Mimi sikuwapo, wanaume wa wakati ule hatukukaa kwenye benchi lile.

Ndiyo maana kipele kilipotokea begani kwa binti yangu akiwa mchanga, nilikitazama kwa macho ya mkulima. Kwetu, doa likionekana kwenye tunda bichi la kahawa, hulingoji. Ni chulebuni, ugonjwa wa kahawa, utamaliza shamba. Unachukua mrututu, ule unga wa bluu, unapambana nalo. Mke wangu akasema, "Nesi amesema tuache." Nikamwambia nesi hajawahi kuwa na mti wa kahawa hata mmoja. Nikakikamua kile kipele kwa vidole vyangu, nikachovya pamba kwenye mrututu, nikapaka. Mtoto alilia kilio ambacho sikuwa nimekisikia kwake. Baada ya siku tatu kidonda kilikuwa kimekula bega, kimekuwa na kingo.

Nesi alikuja bila kuitwa. Akamkunjua mtoto kwenye kanga, akatazama, akatazama tena. Kwenye mkunjo wa kwapa palikuwa na ubluu, kama anga ikionekana kupitia tundu la bati. "Mmepaka nini hapa?" Mke wangu aliangalia mafiga. Nikasema, "Hatujapaka kitu, nesi. Ni hiyo chanjo yenu." Alisogeza sufuria mafigani. Kisha akachemsha maji, akasafisha kile kidonda taratibu mpaka ubluu wote ukaisha. Akafunga kitambaa. Akamwambia mke wangu, "Haya, mdogo wangu. Msipake kitu tena." Alisema hivyo tu, akaondoka.

Ningeishia hapo, lingekuwa kosa la nyumba yangu. Lakini siku chache baadaye, kwenye mashine ya kumenya kahawa, wenzangu waliniuliza habari za mtoto, nami nikasema chanjo imemtoboa bega. Aliyeanzisha maneno yale ni mimi, wala si mtu mwingine. Yalishuka mteremko haraka kuliko maji. Nesi akipita, watu walimtania, "Nesi, umetuletea tena chulebuni ya watoto?" Naye akawajibu, "Chulebuni ni wewe, tangu ubatizwe hujapaliliwa!" Wakacheka wote, lakini benchi likabaki tupu. Niliwahi kumwona siku moja ya chanjo, amekaa peke yake na kasha lake la barafu, akitazama njia. Angeweza kusimama kanisani baada ya matangazo akasema alichokiona kwenye mkunjo wa kwapa la mwanangu. Hakusema. Nadhani alijua kwamba akinitaja, nyumba nyingine zenye kidonda zitamfungia mlango.

Katika waliofichwa ndani msimu ule kulikuwa na mtoto wa jirani yangu wa chini. Babu yake alikuwa akikohoa, na kabla mtoto hajafikisha mwaka ikajulikana ni kifua kikuu, na mtoto naye anacho. Hakuna ajuaye kama chanjo ingemwokoa kabisa. Ninachojua ni sababu iliyomfanya asiipate. Alipungua mpaka kichwa kikawa kizito kuliko shingo. Miezi mingi nesi alishuka kile kijia na vidonge, akihakikisha vinasagwa na kumezwa, na kila mara alipita mbele ya nyumba yangu. "Hamjambo hapa?" "Hatujambo, nesi." Mtoto alipona. Alichelewa kutembea, akachelewa shule, na kifua chake mpaka leo hakipendi baridi. Ndiye kijana wa bodaboda aliyeniletea habari.

Kesho yake tuliteremka pamoja kwenda ziwani. Tulipita malori ya makaa ya mawe yakinguruma, kisha barabara ikaanza kuzunguka, na kwenye kona moja ukungu ukafunguka ghafla. Ziwa likawa limelala kule chini, bluu tupu, rangi ileile. Nilikuwa nimepanga kusema wakati wa kurudi, lakini mdomo ulifunguka pale pale, nyuma ya mgongo wake. Nilimwambia yote: mrututu, mashine ya kahawa, benchi tupu. Alipunguza mwendo. Kona mbili zikapita. "Mama yangu aliambiwa na nesi asimlaumu mtu," akasema hatimaye. "Nilidhani ni maneno tu ya wauguzi." Kisha, baada ya kona nyingine, "Shika vizuri, mzee. Hapa pabaya." Sijui kama amenisamehe. Kaburini alichota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga polepole, wala hakunitazama.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na kifo kisicho changu. Tumezoea kusema kwamba wazazi wanaogopa chanjo kwa kukosa elimu, na ni kweli, nami niliishia darasa la saba. Lakini hofu ile haikuletwa na upepo. Ilikuwa na mwenyewe, alikuwa na jina na shamba la kahawa, na aliona afadhali watoto wa wenzake wakose kinga kuliko yeye kuonekana mjinga. Mzazi anayeuliza kuhusu kipele hana kosa. Ajibiwe, tena ajibiwe kweli, kwanza na wale tuliokosea.

Nilirudi jua likiwa bado kwenye vichanja. Binti yangu alikuwa mlangoni, mtoto mapajani, bega wazi. Nikaketi kwenye kizingiti, nikamweleza habari za kovu lake. Hakulia. Aliligusa, kisha akatazama kile kipele kidogo begani kwa mwanawe.

"Kwa hiyo tupake nini, baba?"

"Msipake kitu," nikasema. "Safari hii tuache."