Ndoo Mbili za Maji ya Kitangari

Mhariri wetu alinituma vitani kwa sababu mimi peke yangu pale ofisini sikuwa na mke wa kunililia. Wenzetu wa Msumbiji walikuwa wakipigana na Wareno, na gazeti lilitaka picha. Nikaondoka Dar es Salaam na kamera, dawa za kusafishia picha na woga wa kutosha.

Masasi, siku ya tatu. Lori la dawa za majeruhi limekwama. Nilipoinua kamera, dereva akafoka, "Ngoja nivae shati kwanza, bwana!" Akavaa, akachana nywele, akakakamaa. Hiyo ikawa picha yangu ya kwanza ya vita.

Newala, kesho yake. Ukisimama ukingoni mwa mlima unauona mto Ruvuma chini, na Msumbiji ng'ambo. Lo, moshi! Nikaupigia mkanda mzima. Mwalimu aliyenisindikiza akacheka.

"Wale wanachoma mashamba, ndugu."

Nikamwambia moshi ni moshi.

Kitangari nilifikia kwa Mama Siwema. Mumewe alikuwa ng'ambo akipigana, na binti yao alizaliwa baba ameshavuka.

"Kaka, nipige picha na Siwema. Kuna mtu anavuka kesho, ampelekee baba yake amwone."

Nikawapiga, nikaziba madirisha kwa mablanketi nipate giza la kusafishia picha, nikaomba maji ya kuoshea. Akaleta ndoo mbili. Zilitoka bondeni, kichwani, nusu siku kwenda na kurudi. Picha isipooshwa vya kutosha, dawa hubakia na sura hufifia. Karibu maji yote niliuoshea moshi wangu. Siwema nikamsuuza kwa kikombe kimoja kilichobaki.

"Yametosha?" mama yake aliuliza.

"Yametosha sana." Mwongo mkubwa mimi!

Dar nilipokelewa kishujaa. Moshi ukatoka ukurasa wa mbele, na hadi leo naitwa mpiga picha wa vita, mimi ambaye Ruvuma sikuugusa hata kwa kidole cha mguu.

Vita vilipokwisha nilirudi Kitangari. Mama Siwema alikuwa amehamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara. Siwema, msichana mrefu sasa, akaniamkia shikamoo. Baba yake hakurudi; wenzake walileta shati lake, na mfukoni ile picha. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Mtoto amefutika, imebaki mikono ya mama iliyompakata.

"Kaka, wewe ndiye fundi," Mama Siwema akasema. "Inachukua muda gani kufutika? Aliwahi kumwona?"

Nikamwambia aliwahi. Kweli yenyewe, sijui. Niliona haya hata kuinua macho.

Picha za moshi ninazo, zingali safi kabisa. Katika zote nilizopiga, ni ile moja tu iliyofika vitani.