Etau Chini ya Kitanda cha Bibi

Tangu nipate gereji hii nyuma ya nyumba niliyopanga hapa Uvira, nilikuwa silali vizuri, rafiki yangu, na sababu ilikuwa etau. Wengine huiita jiliwa: zile taya mbili za chuma unazofunga kwenye meza ili zibane kitu unachotaka kukikata au kukipiga tupa. Nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi, nina cheti, nina meza ya mbao ngumu, na bado sijui nifunge etau ipi juu yake. Mpya ya dukani, au ile iliyokuwa chini ya kitanda cha bibi?

Ile mpya nilikwenda kuitazama mara nyingi hata mwenye duka akiniona alijifanya ana shughuli. Imepakwa rangi ya buluu nzito kama uji, na chini ya rangi chuma kina matundu kama mkate. Nilibana karatasi kwenye taya zake. Upande mmoja ukashika, upande wa pili karatasi ikatoka yenyewe.

"Kijana, uko unanunua ao uko unaposa?" mwenye duka akaniuliza, na wateja wakacheka.

Nikajaribu tupa zake kwenye msumari; ziliteleza kana kwamba zimepakwa sabuni. Kichwa cha nyundo kilicheza kwenye mpini kama jino bovu. Nilitoka pale nikifuta mikono kwenye suruali. Kuna mtu mahali fulani aliyetengeneza kitu kile akijua hakitafanya kazi, kisha akachukua brashi akakipaka rangi.

Ile ya bibi haikuwa na kasoro hata moja. Nayo ilinichukiza zaidi.

Nilikulia kwa bibi karibu na bandari ya Kalundu, hatua chache kutoka karakana ya meli ambamo mjomba wangu alifanya kazi. Asubuhi ilianza na mlio wa winchi, na wanawake wakiitana ufukoni kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Watu hukumbuka utoto kwa harufu nzuri. Mimi nakumbuka kopo. Mjomba alikuwa na kibanda chake uani, na akichoma patasi mpaka iwe nyekundu, aliizamisha, ili ikomae, kwenye kopo la mawese ya zamani, yale ambayo bibi alikuwa amekaangia samaki mpaka yakawa meusi. Moshi ule ulikuwa na magamba ya samaki, masizi, na kitu kama nywele zinazoungua. Uliingia kwenye bugali, kwenye blanketi, kwenye shati langu la misa. Kanisani watoto wenzangu walisogea mbali nami kwenye benchi.

"Weye unatupikia vyuma?" bibi alipiga kelele kutoka jikoni.

"Mama, ile unaita harufu, minye naita kazi," mjomba alijibu, bila kugeuka.

Mwaka wa uhuru, wakubwa wa kizungu wa karakana walipanda meli, wakaacha milango wazi, na hakuna aliyerudi. Mlinzi wa lango, mzee mwenye kofia ya chuma, alitoa amri yake mwenyewe: kila mfanyakazi ataingia mara moja, na atatoka na mzigo mmoja, ule ambao kichwa chake kitaweza kuubeba. Nilikuwa juu ya ukuta na watoto wengine. Mmoja alitoka na kiti kinachozunguka. Mwingine na saa ya ukutani. Mpishi alitoka na choo cha kizungu, cheupe, akitembea taratibu kama anabeba sanamu ya mtakatifu. Baadaye mkewe alilowekea mihogo humo, na bibi hakuonja tena unga wa nyumba ile mpaka walipohama.

Mjomba peke yake alikawia. Kupitia mlango tulimwona akigonga nyundo moja baada ya nyingine, akisikiliza. Alipitisha tupa kwenye kucha yake ya dole gumba, akazitupa nyingi, akabaki na mbili, moja ya meno makubwa na moja laini. Kisha akaenda kwenye safu ya etau. Alibana kipande cha karatasi upande wa kushoto wa taya, akavuta, akabana upande wa kulia, akavuta, akahamia nyingine.

"Angalia ule! Iko anachagua kama vile iko anachagua mukwe!" wafanyakazi wenzake wakapiga kelele kutoka langoni.

"Fundi, chukua masini ya kutoboa! Iko kubwa!"

"Umeme utaletea weye?" mjomba alisema. "Nitaizungusha na meno?"

Alipotoka, alikuwa na etau kichwani, na ndani ya taya zake alikuwa amebana nyundo, tupa mbili, patasi na msumeno wa chuma, vyote vimefungwa kwa kitambaa. Mlinzi akamzuia.

"Hii ni vitu vingi."

"Ni muzigo moja. Vuta. Kama kitu kimoja kikitoka, ubaki nacho."

Mlinzi akavuta. Akavuta tena, akaweka mguu ukutani, mpaka kofia ikaanguka, na watoto wote tukapiga mayowe. Hakuna kilichotoka. Rafiki yangu, sijawahi tena kumpenda mtu kama nilivyompenda mjomba siku ile, pamoja na kopo lake.

Halafu uasi ukashuka kutoka uwanda wa Ruzizi. Vijana wenye majani kichwani walikuja na springi za magari mabovu, wakamwambia mjomba afue mikuki. Hakuulizwa kama anataka. Hawakutaka kuguswa kwa sababu ya dawa ya kuzuia risasi waliyochanjwa, lakini walichinja mbuzi wetu juu ya meza yake ya kazi, na damu ikaganda kwenye skrubu ya etau, na nzi wakawa wengi hata mlio wao ulishinda wa tupa. Mjomba alifua mikuki akiwa amefunga kitambaa puani, yeye ambaye hakuwahi kulalamikia harufu yoyote.

Kisha wanajeshi wa serikali wakarudi, na walitaka kujua ni nani aliyefua ile mikuki. Hawakuhitaji kutafuta chombo cha kumhojia. Kilikuwa tayari pale juu ya meza.

Bibi alituingiza sisi watoto jikoni, akafunga mlango, akamwaga sombe, yale majani ya muhogo, kwenye kinu. Alitwanga. Majani yalikuwa yamekwisha kuwa laini, yamekuwa maji ya kijani, naye akaendelea kutwanga, akituambia tuimbe. Tuliimba wimbo wa komunyo. Nilijua kwa nini tunaimba. Tangu siku ile sombe haipiti kooni mwangu. Nikinusa tu majani yale mabichi, mate ya kutapika yananijaa mdomoni.

Mjomba aliishi, akiwa na vidole viwili ambavyo havikukunjika tena. Aliosha etau kwa majivu na maji ya moto, akaipaka mafuta, akaifunga kwenye gunia, na hakuifungua tena. Alikufa kwa homa nilipokuwa shuleni Bukavu. Vyombo vingine bibi aliwagawia ndugu. Etau hakuna aliyeitaka.

"Weye ndiye ulisoma," bibi aliniambia nilipokodi gereji. "Toa hii kitu chini ya kitanda. Iko inalala na minye myaka yote."

Kwa hiyo nikawa naenda dukani na kurudi, dukani na kurudi. Ningefunga ile mpya, kila kazi yangu ingekuwa uongo wenye rangi. Ningefunga ile ya zamani, ningewezaje kuizungusha ikibana?

Jumamosi nilikwenda kwa bibi, nikafungua gunia. Taya za etau nzuri zina bamba mbili za chuma zenye meno, zimeshikwa kwa skrubu. Zikichakaa, fundi huzibadilisha. Nililijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa shule, na katika hofu yangu yote halikunijia mpaka nilipoziona. Ni zile bamba tu zilizogusa mkono wa mjomba. Nikazifungua, nikamwambia bibi nitakwenda kuzitupa ziwani.

"Ziwani?" Alinitazama kama mpumbavu. "Maji tunakunywa?"

Akaninyang'anya, akazibeba kwa ncha za kanga yake kama mtu anayebeba panya aliyekufa, akaingia chooni. Nilisikia zikizama. Akatema mate mara moja, akatoka, akanawa mikono.

Karakana ya Kalundu sasa ni zizi la mbuzi. Winchi imeota kutu pale iliposimama, ukuta tuliokalia umeanguka, na yule mzee wa kofia ya chuma hakuna anayejua kaburi lake. Harufu ya lile kopo haipo popote tena. Nisingeamini kwamba ningeitafuta.

Jioni ile nilifunga etau juu ya meza yangu. Nilikata bamba mpya kutoka springi ya gari, nikazilainisha kwa moto, nikazipiga tupa Jumapili baada ya misa mpaka jioni, nikazichoma mpaka zikawa nyekundu. Nilikuwa nimenunua mawese mapya, lakini nikayaacha. Nilikuwa tayari nimekwenda kwa bibi kuomba yale aliyokwisha kukaangia samaki.

Nilipozizamisha, moshi ulinipiga usoni, nikatapika nje ya mlango. Kisha nikarudi ndani, nikafunga bamba, nikabana karatasi kushoto, nikavuta. Nikabana kulia, nikavuta. Karatasi haikutoka upande wowote; ilichanika mkononi mwangu.