Mbuzi Chini ya Kipima Hewa

Asasi yetu ilikuwa na chumba kimoja huko Anderlecht, jijini Brussels, na mambo matatu ya kutetea: hewa safi, haki ya wageni kupiga kura za manispaa, na haki ya mwanamke kuamua mwenyewe azae lini, au asizae kabisa. Siku ya kugawana kazi nilikosa metro, na nilipofika wenzangu wawili walikuwa wameshachagua yao na kunibakizia hewa. Nilinuna wiki nzima. Mwenye kura ana watu wa kuwaita mkutanoni, mwenye uzazi ana akina mama wa kuzungumza nao. Mwenye hewa ana nini?

Nilikuwa na mtaa mmoja, wenye maghala upande huu na ghorofa za manispaa upande ule. Malori yalipita pale kutwa kucha, ingawa nyuma ya maghala kulikuwa na barabara pana isiyokaliwa na mtu. Tulitaka yahamishiwe huko. Diwani mwenye mamlaka hayo alijibu kwa upole kwamba angependa kuona ushahidi. Basi tukanunua kipima hewa, kisanduku cheupe chenye ukubwa wa kopo la maziwa, na mimi nikatumwa kwenda kukitafutia dirisha.

Aliyenikubalia alikuwa maman mmoja wa Lubumbashi, mjane wa ghorofa ya pili, mwimbaji mkuu wa kwaya ya parokia. Kwenye wimbo wao wa sadaka kuna noti moja ndefu ambayo wengine wote hunyamaza na yeye hubaki nayo peke yake. Tangu baridi iliyopita alikuwa akifika katikati anakohoa. Kwaya ilikuwa imeanza kunong'onezana kuhusu kumtafuta mtu mwingine. Alinieleza hayo huku akinikazia macho kana kwamba malori ni ya baba yangu.

"Mwana, ile sauti njo kitu moja tu nilitoka nayo kwetu bila kulipa excédent ya mizigo kuzidi kilo," alisema. "Bon. Weka kamashini kako."

Tulikifunga kwenye chuma cha balkoni. Nikamsihi asikiguse, asikifunike mvua ikinyesha, wala asikifute vumbi. Kila nilichosema alijibu "kabisa," na kwa kweli hakukigusa.

Baada ya miezi michache nilichora grafu. Siku za kazi mstari ulikuwa na vilima vya kawaida. Jumapili mchana ulipanda ghafla kama unaukimbia moto, ukatoka hata juu ya karatasi. Nilifurahi kiasi cha kuruka. Sikujiuliza swali hata moja, maana mimi nikishafurahi huwa siulizi. Niliandika kwa herufi kubwa "Uchafuzi wa siri wa Jumapili," nikaenda nayo manispaa kifua mbele.

Mkutano ulikuwa wa wazi kwa wakazi. Maman alikuja na kitenge chake cha kwaya, akakaa mstari wa mbele. Diwani, mwanamume mpole aliyeweka kofia yake ya baiskeli mezani, aliitazama grafu kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa Kifaransa: Jumapili maghala yamefungwa, hakuna lori hata moja, sasa hiki kilele ni cha nini?

Nikamgeukia Maman, na nikaona anakitazama kile kilele kwa furaha, kama mtu aliyeiona nyumba yao kwenye televisheni.

"Ah," alisema. "Ile ni mbuzi."

Kumbe kila Jumapili baada ya misa kwaya nzima humiminika kwake kula brochettes, mishikaki ya mbuzi. Jiko la makaa lilikuwa likikaa balkoni, karibu na mlango, lakini moshi uliingia ndani, kwa hiyo alilisogeza hadi pembeni, chini kabisa ya kisanduku changu. "Uliniambia nisikaguse," alinikumbusha. "Sikukagusa."

Nilibakiwa na kazi ya kumtafsiria diwani. Ni mbuzi, mheshimiwa. Ukumbi uliangua kicheko, mwandishi wa kikao akaweka kalamu chini. Lililonichoma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kualikwa, tena zaidi ya mara moja, nikasimama pale pale chini ya kipima changu na mshikaki mkononi, nikiyalaani malori mdomo umejaa.

Diwani alipangusa macho, akamuuliza Maman kama huwa anapiga kura hapa Anderlecht. Maman akasema yeye si Mbelgiji. Diwani akaitikia kwa kichwa na kufunga faili. Kule kuitikia kuliniuma kuliko kicheko.

Tukiwa kwenye metro Maman aliniuliza, "Kura iliingia namna gani mu mambo ya mbuzi?" Nikamweleza kwamba mgeni aliyekaa nchini miaka mitano anaweza kujiandikisha kwa uchaguzi wa manispaa, ni karatasi moja tu ya kutia sahihi. Alihesabu miaka yake kwa vidole, akapita mitano.

"Na ile karatasi iko wapi?"

Ilinibidi niseme ukweli. Zilikuwa ofisini, bunda zima, zikizuia mlango usijifunge.

Jumapili iliyofuata bunda lilikuwa mezani kwake, kati ya pilipili na chikwangue, ile mikate ya muhogo, na hakuna aliyepewa sahani kabla ya kuandika jina. Mwenzangu wa kura alipopata habari alishika kichwa: chakula kwa ajili ya kura ni kosa la jinai. Maman hakumwelewa hata kidogo. "Sibaambie bachague nani. Ninabaambia banawe mikono, baandike jina, bakule. Yote ni adabu." Walibishana hadi nyama ikapoa. Mwishowe ikaamuliwa mbuzi aliwe kwanza, karatasi baadaye, kwa hiari. Waliandika hata hivyo, vidole vikiwa na mafuta. Na jiko likateremshwa uani, nyuma ya jengo.

Mkutano wa pili nilipeleka grafu isiyo na mbuzi. Vilima vilikuwa vidogo, lakini vilikuwepo kila siku ya kazi. Diwani aliuliza kwa tabasamu kama mbuzi hajambo. Maman akasimama.

"Uliniuliza kama ninapiga kura," alimwambia kwa Kifaransa.

Nyuma yake kwaya nzima ikasimama, vitenge sare, sauti zote nne. Hakuna aliyeimba. Diwani aliitoa kofia yake mezani, akasema kweli ile barabara ya nyuma ni pana sana.

Vibao vya kuyapeleka malori barabara ya nyuma viliwekwa. Miezi ikapita, uchaguzi ukakaribia, na Jumapili moja Maman akaniita kanisani, mimi ambaye si Mkatoliki. Wimbo wa sadaka ulipofika kwenye noti yake, wengine wakanyamaza. Nilibana pumzi bila kujua. Akapita pale katikati pa kukohoa, akaendelea, mimi nikalazimika kuvuta pumzi na yeye bado yuko juu kule. Nililia, na sioni aibu kusema. Alipoimaliza alitazama upande wangu, akakohoa mara moja, kwa nguvu.

Nje nilimuuliza kile kikohozi cha mwisho kilikuwa cha nini.

"Haikuwa yako," alisema. "Diwani alikuwa amekaa nyuma yako."