Tulivyopanga kwenda kuogelea kwenye shimo la chini ya ardhi Kitanga, jogoo mzee akatuchelewesha

Wakuu, salamu kwenu nyote, na ninyi mnaosoma kimya kimya bila kucomment hamjambo pia.

Hiki ninachoandika kimenipata mwenyewe, sijasimuliwa. Chumvi sijaongeza, na mkimaliza mtaona haikuhitajika.

Mimi nauza vitenge hapa Kasulu mjini. Wazazi wangu walitoka Tanga, mimi nimezaliwa hapa hapa, ila likizo za utotoni nilipelekwa kwa babu pwani na ndiko nilikojifunza kuogelea. Binti yangu Zuhura hajapata bahati hiyo. Maji mengi aliyowahi kuyaingia ni ya beseni.

Nikamwahidi: ukimaliza mtihani wa darasa la saba, nakufundisha. Na ahadi ni deni, mnajua. Alivyotoka chumba cha mtihani hata sijamuuliza maswali yalikuwaje, yeye kaniuliza, "Baba, lini?"

Sasa wapi? Ndipo rafiki yangu Elia akanionyesha clip. Elia ni fundi pikipiki hapa mjini, kwao ni Kitanga. Babu yake alikuja kutoka Burundi, wao sasa ni Watanzania na mashamba yao.

Kwenye clip kuna shimo kwenye mwamba. Unashuka kwa kushika mizizi, ukifika chini unakuta kama ukumbi wa mawe, na katikati bwawa la maji ya kijani, mwanga unaingia kwa juu. Elia kaoga humo tangu mdogo.

Wakuu, nilipagawa. Nikaanza kupanga siku hiyo hiyo. Kamba nikanunua. Nikachukua madumu mawili matupu ya lita tano, nikayafunga kwa khanga kuukuu, moja la kifuani na moja la mgongoni, yamshikilie mtoto juu ya maji. Plan ilikuwa tufike asubuhi, tuogelee mpaka adhuhuri, turudi.

Mke wangu akauliza, "Mvua je?"

Nikamwambia mvua bado, tazama juu kulivyo kweupe. Na kweli kulikuwa kweupe.

Elia alikuwa na sharti moja tu: lazima tupite kwa mama yake kusalimia. Shimo liko nyuma ya shamba lao la mihogo, huwezi kupita mlangoni pa mtu kama mwizi. Nikasema sawa, dakika tano.

Dakika tano! Mnaowajua watu wa huku najua mnacheka sasa hivi.

Mama Elia alitupokea kwa kupiga makofi taratibu, "Mwakeye, mwakeye." Ndiyo salamu ya asubuhi ya huku. Unaulizwa nyumba, mke, watoto, biashara, halafu inaanza upya. Mimi jicho liko kwenye jua.

Ikaisha. Nikainuka. Akasema, "Kaa, mwana wanje," yaani mwanangu. "Jogoo anakungoja."

Nikamwambia tumeshakula, mama.

Zuhura akadakia, "Baba, si hatujala?"

Nilimkata jicho yule mtoto mpaka akainama.

Sasa hapa naomba mnielewe. Mama Elia ni Mkristo, mimi Mwislamu. Angeweza kumchinja yule jogoo alfajiri tukakuta chakula tayari. Hakufanya hivyo. Alimfunga mguu, akangoja nifike nimchinje mwenyewe, ili nile kwa amani.

"Nikichinja mimi utakula majani ya maharage," akasema. "Na mgeni wangu hali majani."

Mtu akikuheshimu hivyo unaondokaje?

Nikachukua kisu. Kumfungua tu kamba, jogoo akaniponyoka akazama kwenye mihogo. Tukamkimbiza mimi, Elia na Zuhura, jasho linatutiririka. Tulipomkamata nikamchinja, akaingia chunguni, kumbe mzee wa siku nyingi! Kachemshwa weee, nyama inagoma. Kila nikichungulia jikoni Mama anabonyeza na mwiko, "Bado."

Jua likapita utosini. Nilinuna, sifichi. Moyoni nikasema siku yangu imeliwa na kuku kabla mimi sijamla.

Hatimaye tukala, ugali wa muhogo na mchuzi uliotiwa mawese. Mtamu sana, lakini nilikula nimenuna vile vile.

Tukaondoka. Hatujafika shimoni, Elia akasimama. "Unasikia?"

Ulikuwa mngurumo kama wa mashine ya kusaga, ila unatokea chini ya miguu yetu.

Tukasogea kwa kunyata. Ile mizizi ya kushukia haionekani. Maji mekundu yamejaa karibu na mdomo wa shimo, yanazunguka. Juu yetu jua linawaka, hakuna hata tone. Elia akanyoosha mkono kwenye milima ya mbali. Kweusi tii. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha huko, maji yakaja kwa chini kupitia kwenye mawe. Elia mwenyewe hakuwahi kuona hivyo, maana wao walioga humo kiangazi tu.

Zuhura alikuwa ameshavaa madumu yake. Nikamvua moja, nikalitupa mle. Sijui kwa nini.

Likazunguka mara moja, likavutwa chini. Dumu tupu, limefungwa vizuri, wakuu! Tukasubiri liibuke. Halikuibuka.

Nikakaa palepale chini, nimemshika mwanangu mkono mpaka akalalamika namuumiza.

Tukirudi tukakutana na kina mama waliokuwa wameloweka mihogo kwenye kijito cha bondeni. Wakasema maji yalibadilika kabla ya adhuhuri na mihogo yote imekwenda. Kabla ya adhuhuri. Yaani wakati mimi namlaani jogoo, ndipo tungekuwa ndani.

Nilipofika kwa Mama nikapiga magoti, nikampigia makofi kama wanavyofanya wao, machozi yananitoka. Nikamwambia, mama, umetuokoa.

Akashangaa. "Mimi sikujua habari ya mvua," akasema. "Nilijua tu mtoto ana njaa."

Halafu akasema, "Imana ishimwe," Mungu ashukuriwe, akamfungia Zuhura paja lililobaki.

Nilichojifunza: anga la juu ya kichwa chako halikuambii mvua inayonyesha kwa wengine, uliza na milimani. Na mwenyeji akikwambia kaa, kaa. Haraka yangu ingenizikia mtoto.

Mtakaonifuata PM kuuliza location kamili, sitoi. Zuhura nitampeleka ziwani Kigoma kiangazi kikija, kwenye kina kifupi. Kila nikimtajia anauliza, "Tutakula kwanza?"

Lile dumu la pili nilimwachia Mama. Juzi Elia kalileta dukani limejaa mawese. Nimelitazama, nimeshindwa kulifungua mbele ya wateja.

Waliowahi kucheleweshwa na chakula cha watu wakapona, uwanja ni wenu, nisikie na yenu.